Mradi ukija kijijini tuulize: mwaka wa nne, mradi ukishaondoka, nani atanunua spea? (Uzi mrefu, wakulima wa Kanda ya Ziwa karibuni)

MLETA UZI

Wakuu habari za jioni. Kila wiki humu naona watu wanabishana kuhusu miradi ya maendeleo vijijini, huyu anasema wafadhili wametutoa mbali, yule anasema ni ulaji mtupu, na mabishano yanaisha bila kumsaidia yule mwanakijiji ambaye jumatatu ijayo anaitwa mkutanoni kutambulishiwa mradi mpya. Mi kazi yangu ni kuwezesha vikundi vya wakulima upande wa Misungwi, Kwimba na Magu, nimekulia kwenye pamba na majaruba ya mpunga, kwa hiyo naomba niseme jambo moja ila kwa kirefu. Uhai wa mradi unaamuliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji siku ile unapotambulishwa. Siku ya makabidhiano, turubai limeshafungwa na mgeni rasmi ameshafika, hapo mmechelewa, kilichobaki ni kupiga picha.

Tuanze na maji maana hayo kila mtu anayajua. Wenye umri mtaikumbuka HESAWA. Hela ilitoka Sweden, ikaanza 1985 ikaisha 2002, mikoa mitatu ya Mwanza, Mara na Kagera (Geita wakati huo ilikuwa bado wilaya ya Mwanza), na serikalini ilikuwa chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Visima vifupi vya pampu ya mkono, vyoo, elimu ya usafi. Wanakijiji walichimba, wakaleta mawe na mchanga, wakachagua kamati, wakatoa watu wa kufundishwa kufungua na kufunga pampu. Mpaka leo kuna vijiji ukiuliza maji wanachota wapi wanakwambia pale kwenye kisima cha Hesawa. Sasa unakuta visima viwili vya mradi huohuo, umri mmoja, udongo uleule, kimoja akina mama wanachota na kingine kimebaki chuma chenye kutu na mbuzi wanajikuna hapo. Nimewahi kukaa na wazee wa vijiji vya namna hii nikawauliza kisa chake na jibu linarudi lilelile. Pale maji yanapotoka, watu walikuwa wanachanga hata kipindi pampu ni nzima. Pale kwingine walisubiri iharibike ndo waitane, na mtu anayechota maji ya lambo tangu juzi hana moyo tena wa kuchangia kisima. Na kinachoharibika mara nyingi ni raba za ndani, kitu kidogo, bei ya kuku mmoja wa kienyeji hivi, sio hela ya kumshinda mtu.

Baadae kidogo, kuanzia 2006/2007, ukaja ule mpango mkubwa wa sekta ya maji ambao vijijini watu waliuita mradi wa vijiji kumi, kwa sababu kila halmashauri ilichagua vijiji kumi vya kuanzia. Hapo tukatoka kwenye pampu ya mkono tukaingia kwenye visima virefu, mota, matanki, vituo vya kuchotea, na siku hizi sola. Vizuri sana, hakuna anayetaka mama yake apampu kwa mkono. Lakini mota ikiungua sio raba tena, hapo unaongelea mamilioni na fundi wa kutoka mjini na gari la kunyanyua mabomba, na kamati iliyozoea kukusanya mia mbili mbili bila daftari haiwezi. Ndo maana sheria ya 2019 ilipoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikaweka pia vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, vyenye kusajiliwa, akaunti ya benki, mhasibu na fundi. Kijiji ambacho hakijaelewa kwamba chombo kile ndo cha kwao kitaendelea kulalamika kwamba maji ya serikali yamekatika.

Mpaka hapa mtasema mi ni mtu wa maji. Hapana, nataka mfano wa kilimo na mifugo na huu ndo naupenda kuliko yote: ngitili.

Kwa wasiotoka usukumani, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe haingii, majani yanakua yanasimama, halafu linafunguliwa kiangazi kikali pale porini kumebaki vumbi, wanaanza ndama na ng'ombe wadhaifu na wale wa kulimia. Ilikuwepo kabla ya mzungu, kabla ya mradi wowote. Ikaja kuvurugika kidogo kidogo: misitu ilifyekwa enzi za mkoloni kuua mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na wakati wa operesheni vijiji miaka ya sabini watu walihamishwa wakaacha ngitili zao huko nyuma, na ngitili isiyo na mwenyewe karibu inaliwa na kila mtu. Ilipofika katikati ya miaka ya themanini, eneo lililokuwa limeandikwa kama ngitili mkoa wote wa Shinyanga wa wakati huo, yaani pamoja na Maswa, Meatu na Bariadi, lilikuwa kama hekta 600 tu.

1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, baadae Norway wakaweka hela na watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, wakawa bega kwa bega nao. Mwanzo walikuja na mwendo uleule wa kawaida, vitalu vya serikali, miti ya kigeni, pandeni, na watu hawakuchangamka. Walipobadilika wakauliza nyie wenyewe mlikuwa mnafanyaje, wakapata jibu la ngitili, mambo yakageuka. Ukifunga eneo visiki vinachipua vyenyewe, mizizi iko chini inasubiri, huhitaji hata kununua mche. Mpaka 2004 hivi programu inafungwa, ngitili zilikuwa zimefika kati ya hekta 300,000 na 500,000, kwenye vijiji 833, na mwaka 2002 walipewa tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kuni zikasogea karibu na nyumba, dawa za miti zikarudi, nyasi za kuezekea, asali, ndege wakarudi. Na hakukuwa na mlinzi wa kulipwa mshahara wa mradi, mkosaji aliitwa dagashida (baraza la jadi), akatozwa faini na wazee, na sungusungu walijua nani kaingiza ng'ombe usiku.

Mtu anayeandika mradi akiwa ofisini hawezi kuiona ngitili kwenye ramani, anaona tu pori limechakaa. Anayeiona ni mzee wa kitongoji. Kwa hiyo mradi usiomuuliza mzee wa kitongoji unaanza ukiwa umefumba macho.

Na tusisahau ushirika ulianzia hapahapa. Miaka ya hamsini wakulima wa pamba walichoka mizani ya wanunuzi, pamba yako unaijua uzito ukiwa nyumbani ukifika dukani imepungua, wakaanza kwa kuweka wapimaji wao wa kujitegemea, ndo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya msingi mpaka 1955 ikasajiliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake hapa Mwanza. Kabla ya uhuru ushirika ulikuwa unakusanya karibu pamba yote ya kanda na kumiliki vinu vya kuchambulia. Hakuna mfadhili aliyewaandikia andiko. 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, sheria ya 1982 ikavirudisha, chama kikuu cha Nyanza kikazaliwa upya, ila kile kilichovunjika kwenye imani ya mkulima kilichukua muda mrefu sana kurudi na mpaka leo ukitaja AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) kuna mzee anainuka anaondoka mkutanoni. Mi simlaumu, nadhani anahitaji kuoneshwa hesabu na mizani, maneno ameshasikia ya kutosha.

Sasa kalenda, na hapa ndo panaponikera kuliko kote. Mkulima wa huku anapanda pamba kuanzia katikati ya Novemba mpaka katikati ya Desemba, akichelewa hapo wadudu wanamkuta na maua. Januari Februari ni palizi na kupandikiza mpunga majarubani. Ghala limeisha, watu wanakula michembe na mlenda. Ni kipindi hichohicho unakuta semina ya siku tatu, watu wanaambiwa waje saa mbili asubuhi, kwa sababu hela ya ofisi imetoka na lazima itumike. Mama aliyekuja semina amepoteza siku tatu za palizi na hakuna posho inayofidia magugu. Mbegu za mradi zinafika Februari mwishoni, mtu anazipokea kwa heshima anaweka darini na panya wanakula. Halafu ripoti inasema wakulima hawakuzingatia utaalamu.

Kijiji kina haki ya kusema hapana, leteni Agosti. Agosti na Septemba mavuno yamekwisha, watu wana nafasi na wana chakula, barabara zinapitika. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwenye ajira za muda wamelizingatia hili kwa kiasi fulani, kaya inapewa hadi siku 60 za kazi kwa mwaka na kijiji kinapendekeza kazi yenyewe, lambo, barabara, kitalu cha miti, na zinapangwa ziangukie muda ambao shambani kumetulia. Kama mpango mkubwa wa nchi nzima unaweza kupanga hivyo, mradi wa kata tatu unashindwaje?

Mnaosema tatizo ni hela ndogo, angalieni Millennium Villages. Sauri kule Siaya Kenya, sio mbali na ziwa hilihili, walianza 2004, na Mbola kwenye wilaya ya Uyui Tabora 2006, mradi wa profesa Jeffrey Sachs. Hela ilikuwepo, mbolea, mbegu, vyandarua, zahanati, chakula shuleni, vyote kwa mpigo. Mahindi yaliongezeka Sauri na wala sitaki kulidharau hilo, mtoto aliyeshiba ameshiba. Lakini mpaka mradi unaisha 2015 wataalamu walikuwa bado wanabishana ni kiasi gani cha mafanikio kilitokana na mradi na kiasi gani kingetokea tu, maana tangu mwanzo havikuwekwa vijiji vya kulinganisha. Na swali la mwanakijiji ni lilelile la Hesawa: mbolea ya mwaka unaofuata anainunua nani.

Sheria iko upande wetu wakuu. Kijiji kilichosajiliwa ni mtu kisheria, kinaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Hiyo ipo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya 1982. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Halmashauri ya kijiji ina watu wasiozidi 25 na haiko juu ya mkutano mkuu. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, kwa hiyo mradi unaotaka ekari za shamba darasa au kiwanja cha ghala lazima uje kwenu, sio uishie kwa mwenyekiti na mtendaji chini ya mwembe.

Basi siku hiyo wakija, baada ya kuwapokea vizuri na maji ya kunywa kama ilivyo desturi yetu, ulizeni mradi unaisha lini na unaacha nini mkononi mwa nani. Kikiharibika spea zinauzwa wapi, Mwanza mjini au mpaka Dar, na kwa bei gani leo. Mali itaandikwa jina la nani. Nani alishafanya kitu kama hiki kata ya jirani na tukamtembelee kabla hatujasema ndio. Na majibu yaandikwe kwenye muhtasari, wao wasaini na kijiji kigonge muhuri, nakala ibaki ofisi ya kijiji. Nimeona mkutano mmoja mama mtu mzima alisimama akauliza tu hili la spea, watu wa mradi wakaomba wiki mbili wakarudi na fundi wa hapohapo wilayani na orodha ya bei. Swali moja.

Karibuni, hasa mlio vijijini kwa sasa.

MDAU WA KWIMBA

Mkuu umeongea vitu ninavyoviishi. Kwetu pampu ya sola ipo, maji yalitoka vizuri, tukawa tunalipa kwa ndoo, hela ilikusanywa kweli tena nyingi, siku kifaa kimeungua tunaambiwa kwenye akaunti hakuna kitu. Kamati wote ni ndugu na majirani, ukisema unaonekana una chuki. Sasa hapo swali la spea linasaidia nini?

MLETA UZI

Pole sana mkuu, na hilo ni gumu kweli kwa sababu kesho mnakutana msibani. Nilichoona kinafanya kazi ni kulifanya jambo lisiwe la mtu. Hesabu ziandikwe kwa kalamu ya maka kwenye karatasi kubwa kila mwezi, zibandikwe kituo cha kuchotea, ndoo ngapi, hela ngapi, imetumika wapi, iliyobaki ngapi. Mtoto wa darasa la tano akisoma anajua. Hapo hakuna mtu anayemnyooshea mwenzie kidole, karatasi ndo inasema. Na anayekusanya asiwe ndo anayepeleka benki. Mkikutana mkutano mkuu dai risiti za benki zisomwe, hilo ni haki yenu haliitaji kuomba, na RUWASA wilaya wana wajibu wa kukagua hivyo vyombo, waandikieni barua ya kijiji, simu haiachi kumbukumbu.

DADA WA MAGU

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mi niongeze upande wetu akina mama. Kikundi chetu cha hisa hakikuletwa na mradi unaoendelea, mwalimu wa vikundi alikuja akatufundisha akaondoka na sisi tukaendelea, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, mfuko wa jamii pembeni kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Siri yetu ni kwamba tunavunja, yaani tunagawana akiba, mwezi wa kumi mwishoni, kabla ya kupanda. Mwanzo tulikuwa tunavunja Desemba kama wengine, hela inaishia nguo za sikukuu na wali. Tulipohamisha, kila mtu anatoka na hela ya mbegu, ya kulimisha kwa ng'ombe na ya dawa. Mwaka jana kuna wenzetu walikodi trekta kwa pamoja. Hakuna ofisa aliyetufundisha kuvunja mwezi wa kumi, ni sisi tulikaa tukaona.

MLETA UZI

Dada yangu hii komenti yako ingebandikwa kila ofisi ya kata. Huu utaratibu wa vikundi vya akiba ulianzia Niger 1991, shirika la CARE walianza na wanawake wa vijijini kule, ukasambaa Afrika nzima kwa sababu haudai hela ya nje, hela ni ya wanachama wenyewe na kanuni wanatunga wenyewe. Ndo maana mlipoona Desemba haifai mliweza kubadili bila kuomba ruhusa kwa mtu. Naomba tu mfikirie kitu kimoja, mkikua msikimbilie kuunganisha vikundi vitano kwa sababu kuna mtu kaahidi mkopo mkubwa. Watu 25 wanaofahamiana ndo ulinzi wenu.

MDAU, NILIWAHI KUFANYA KAZI KWENYE MIRADI

Niseme upande wa pili bila kumtetea mtu. Sisi watumishi tunapimwa kwa idadi, wangapi wamefundishwa, wanawake asilimia ngapi, vijana wangapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza pampu inatoa maji miaka mitatu baada ya kuondoka kwangu. Hela ikichelewa kuingia na mwaka wa fedha unafunga tarehe 30 Juni, unafanya semina masika au unarudisha hela, na ukirudisha mwakani wanakupunguzia. Wengi wetu tulijua wakulima wako palizini. Kijiji kikisema hapana kwa maandishi kinatusaidia, kwa sababu ile barua naipeleka juu nasema wananchi wamekataa tarehe hii wamependekeza hii. Bila barua mimi naonekana mvivu.

MLETA UZI

Asante sana kwa kusema wazi. Wanakijiji mnaosoma, mmesikia, barua yenu ni silaha ya huyu mtumishi pia. Mwandikieni.

MDAU WA SENGEREMA

Sikubaliani kabisa na uzi. Wananchi wenyewe ndo tatizo. Ita mkutano wa maendeleo bila posho uone watakuja wangapi. Wakisikia kuna magodoro au mbegu za bure wanajaa. Tumezoeshwa vya bure na tumevipenda.

MLETA UZI

Mkuu nakuheshimu ila hapa naomba tubishane. Watu haohao usiowaona mkutanoni ni wale wanaoingia shambani kwa ngoma ya bugobogobo, majembe thelathini yanapanda na kushuka kwa pamoja, wanalima shamba la mwenzao na malipo ni chakula. Haohao msiba ukitokea usiku asubuhi kuni, maji na unga viko tayari. Kujitolea hawajasahau. Wanachokikataa ni kutoa siku nzima kwa mkutano ambao walishatoa maoni mara tatu miaka iliyopita na hawakuona hata kimoja kimefanyika. Ile njia ya fursa na vikwazo, O&OD, iliyoanza miaka ya 2000 mwanzoni, ilikusudia kijiji kipange chenyewe vipaumbele, na watu walikaa siku kadhaa wakapanga kweli, wakachora ramani chini kwa vijiti. Mingi ya mipango hiyo ikaenda wilayani ikakuta bajeti haitoshi. Anayeitwa tena akasita, huyo ana kumbukumbu nzuri tu. Mpe jambo moja dogo alilopendekeza yeye, likamilike, ajionee, halafu umuite tena bila posho.

MDAU WA UKEREWE

Wakuu huku visiwani nina mfano wa muhogo. Batobato na michirizi kahawia vilitumaliza, hasa huo wa michirizi, majani unayaona mazima unang'oa mizizi imeoza kahawia ndani, huwezi kula wala kuuza. Mradi ulileta pingili za aina ya Mkombozi kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Kijiji cha kwanza waligawa kwa kila kaya vipande vichache, basi vikachanganywa na muhogo wa zamani, baada ya misimu miwili ugonjwa umerudi. Kwetu tulikataa kugawana. Tulisema wapewe watu wanne wenye mashamba ya pembeni wazalishe, wakaguliwe, halafu wengine tununue kwao kwa bei ya kijiji. Tuligombana sana, maana watu waliona wanne wamependelewa. Leo ndo tunauza pingili mpaka nje ya kisiwa.

MLETA UZI

Hapa umenifurahisha sana mkuu, maana kila mtu anadhani haki ni kugawana sawa. Ugonjwa ule unabebwa na inzi weupe na unabebwa na pingili yenyewe, ukipanda safi katikati ya zilizougua umepanda ugonjwa. Watu wanne wenye shamba la pembeni, wanaong'oa kila mche wanaoutilia shaka na wanakaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ndo wanaokifanya kijiji kizima kiwe na mbegu mwaka wa nne, wa tano, wa sita. Na wana sababu ya kuendelea kwa sababu wanauza. Ugomvi ulikuwa wa lazima na mkutano mkuu ndo mahali pake. Hebu tuambie mlikubaliana vipi kuhusu bei, wengi wanakwama hapo.

MDAU WA UKEREWE

Bei ilipangwa mkutanoni, wakazi wa kijiji nusu ya bei ya mtu wa nje, na kaya za wazee wasiojiweza na wajane kila mzalishaji anatoa mzigo mmoja bure kwa msimu. Iliandikwa kwenye muhtasari.

KIJANA WA MISUNGWI

Mimi nauliza kuhusu ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Tuko vijana sita tunataka bustani ya nyanya na vitunguu kwa umwagiliaji pembeni ya ziwa, tuingie huko au tuachane nayo?

MLETA UZI

Mdogo wangu ingieni, ila mkiwa tayari. Ni nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya hela zilizopotea kwa vikundi hewa ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo wanakagua zaidi. Kabla ya kuomba limeni msimu mmoja kwa hela yenu hata robo ekari, mjue nyanya inatoka lini na Mwanza mjini bei yake mwezi gani inashuka. Zikitoka nyingi kwa wakati mmoja soko linajaa mnauza kwa hasara na deni liko palepale. Halafu muulize mapema mpaka wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, sheria ya mazingira hairuhusu shughuli za kudumu humo, msije mkaweka mabomba yenu mkaambiwa mtoe.

MAMA WA KIJIJINI, MISUNGWI

Mwanangu umeandika vizuri. Kwetu mradi ulishaondoka zamani na pampu imekufa, hakuna hata mkataba, waliokuwa kwenye kamati wengine wametangulia mbele za haki. Sisi tunaanzia wapi?

MLETA UZI

Shikamoo mama. Anzieni na ajenda kwenye mkutano mkuu unaofuata, kisima kitamkwe kuwa mali ya kijiji na iandikwe. Chagueni watu watano wa muda, wawe na angalau akina mama watatu maana ndo wachotaji. Barua iende RUWASA wilaya nakala kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, muombe vitu viwili: kisima kipimwe kama bado kina maji ya kutosha na kama maji yenyewe ni salama, na kijiji kiunganishwe na chombo cha watumia maji kilichopo jirani kama kipo. Msinunue pampu kabla ya kisima kupimwa, kuna watu wamenunua mpya wakaja kugundua kisima kilishakauka. Mkisubiri majibu anzeni mchango mdogo, hata wa elfu moja kwa kaya kwa mwezi baada ya mavuno ya mpunga, muweke benki kwa jina la kijiji.

MAMA WA KIJIJINI, MISUNGWI

Wabeja sana mwanangu. Mkutano ni mwezi ujao, nitamwambia mwenyekiti aiweke hiyo ajenda, na hiyo barua mjukuu wangu ataiandika.

MLETA UZI

Akishaiandika akutumie picha uiweke hapa mama, majina yafichwe, tuisome wote kabla haijaenda. Na muhuri wa kijiji usisahaulike.